Hesabu ya Zamani Mikononi mwa Mjane Mpya

Askari mstaafu wa Marekani aliyepewa ulemavu wa asilimia 100 na Idara ya Masuala ya Maveterani, ile ambayo kila mtu huiita VA, hupokea kila mwezi, kwa viwango vya 2025, zaidi ya dola 3,800 zisizotozwa kodi. Akiwa na mke au mume, kiasi hicho hupita dola 4,000. Kwa familia nyingi hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo karo, na ndiyo fedha inayotumwa nyumbani kila mwisho wa mwezi. Lakini fidia hiyo ni yake yeye peke yake, na akifariki inakoma. Pensheni ya jeshi, kama alikuwa nayo, inakoma pia. Mjane hagawiwi nusu wala robo yake. Anabaki na kile ambacho marehemu alikichagua siku alipostaafu, pamoja na kile ambacho sheria inamruhusu kukidai baada ya mazishi, na watu wengi huvichanganya viwili hivyo.

Jambo hili limetukaribia kuliko tunavyodhani. Mpango wa MAVNI, ulioanza 2009 na kusitishwa 2016, uliwafungulia mlango wa jeshi la Marekani wageni waliokuwa na ujuzi uliotakiwa, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizohesabiwa kuwa ujuzi. Aliyeingia mwaka wa kwanza wa mpango huo atatimiza miaka 20 ya utumishi mwaka 2029. Maana yake ni kwamba Waswahili wa kundi hilo ambao leo wamekwisha kustaafu hawakustaafu kwa kumaliza muda: wengi wao wametolewa na daktari, kwa mgongo, kwa magoti, kwa masikio au kwa usingizi uliokataa kurudi tangu Afghanistan. Hao ndio askari wastaafu walemavu tunaowazungumzia, na umri wao ni miaka thelathini na kitu au arobaini, wana wake na waume vijana, na watoto wa shule.

Kuna ushauri unaozunguka miongoni mwao, kwenye nyama choma na kwenye makundi ya simu: ukishapata mia, usisumbuke na SBP (pensheni ya warithi ambayo mstaafu huilipia), mama watoto atalipwa DIC (fidia ya VA kwa mjane). Hoja yangu ni kwamba ushauri huo ulikuwa na akili mpaka tarehe 31 Desemba 2022, na kwamba tangu siku iliyofuata umekuwa hasara kwa familia nyingi zinazoufuata. Sheria imebadilika, hesabu iliyo vichwani haijabadilika.

Tuanze na vitu vyenyewe. SBP ni mpango wa pensheni ya warithi wa askari mstaafu, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwezi Septemba 1972. Mstaafu hukatwa kila mwezi asilimia 6.5 ya kima cha msingi alichokichagua, ambacho kinaweza kuwa pensheni yake yote au sehemu yake, na akifariki mjane hulipwa asilimia 55 ya kima hicho maisha yake yote, kikiongezwa kadiri gharama za maisha zinavyopanda. Makato hukoma pale anapokuwa amelipa miezi 360 na kutimiza miaka 70, yote mawili kwa pamoja. DIC ni kitu kingine kabisa. Ni fidia ya VA kwa mjane na wategemezi wa askari aliyekufa kwa sababu ya utumishi wake, haikatwi kodi, haichangiwi, na haitazami cheo: kwa viwango vilivyoanza Desemba 2024, kiwango chake cha msingi kilikuwa dola 1,653.07 kwa mwezi, awe mjane wa koplo au wa kanali. Kwa ufupi, SBP inanunuliwa na DIC inatolewa.

Kwa miaka hamsini viwili hivi vilikuwa vikimezana. Mjane aliyestahili vyote viwili alikatwa kwenye SBP dola moja kwa kila dola ya DIC aliyopokea. Chukua mfano wa sajini aliyetumikia miaka 20 na kustaafu na pensheni ya dola 2,500. Makato yake ya SBP ni dola 162.50 kwa mwezi, na mjane wake angestahili dola 1,375. Lakini DIC, ambayo ni zaidi ya hizo, ingeimeza SBP yote ikabaki sifuri. Serikali ingemrudishia mjane makato ambayo mume alilipa, bila riba, na baadaye ikaongezwa posho ndogo ya kupoza machungu, ambayo mwaka 2018 ilikuwa imefika kama dola 310 kwa mwezi. Wajane waliiita hali hiyo kodi ya wajane, na walizunguka kwenye korido za Bunge kwa miaka mingi wakiipinga. Takriban 65,000 walikuwa wameguswa nayo.

Katika mazingira yale, askari mwenye asilimia 100 aliyekataa SBP hakuwa mjinga. Alikuwa amepiga hesabu akaona kwamba analipia kitu ambacho kitamezwa. Sheria yenyewe ilimuunga mkono, kwa sababu iliweka mlango maalumu wa kutokea: mstaafu ambaye amehesabiwa na VA kuwa mlemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo, au kwa miaka isiyopungua mitano mfululizo tangu siku alipotoka jeshini, anaruhusiwa kujiondoa SBP kwa ridhaa ya mwenzi wake. Mantiki ilikuwa wazi. Mtu wa namna hiyo akifa, VA humlipa mjane DIC hata kama kifo kimesababishwa na ajali ya barabarani. Kwa hiyo SBP itamezwa. Kwa hiyo haina haja ya kuendelea kumkata.

Kisha Bunge, kupitia sheria ya bajeti ya ulinzi iliyotiwa sahihi tarehe 20 Desemba 2019, baada ya msukumo wa muda mrefu ambao katika Seneti ulibebwa na Doug Jones wa Alabama na Susan Collins wa Maine, likaamua kuondoa mmezano huo kwa awamu tatu: theluthi moja mwaka 2021, theluthi mbili mwaka 2022, na wote tarehe 1 Januari 2023. Tangu siku hiyo mjane wa yule sajini wa mfano wetu analipwa vyote viwili: kwa viwango vile vya Desemba 2024, 1,375 za SBP na 1,653.07 za DIC, jumla dola 3,028.07. Akijaliwa kuishi miaka 20 baada ya mumewe, ile SBP peke yake ni dola 330,000 kabla ya nyongeza za gharama za maisha na kabla ya kodi, ilhali mume, kama angelipa miezi yote 360, angekuwa amelipa dola 58,500. Mjane hurudisha kiasi hicho chote ndani ya miaka mitatu na miezi saba hivi.

Lakini ule mlango wa kutokea haukuondolewa. Bado upo katika sheria, kwa masharti yale yale, ingawa sababu iliyoufanya uwekwe imekwisha. Ndiyo maana nasema ni mtego, ingawa hakuna aliyeutega. Mstaafu anafika mwaka wa kumi wa asilimia 100, anaambiwa na mwenzake kwamba sasa anaweza kuacha kukatwa, anafurahi kama mtu aliyemaliza mkopo, mke anatia sahihi, na dola 162.50 zinarudi mfukoni. Hakuna karani anayelazimika kumkalisha yule mke na kumwambia: mama, umeacha dola 1,375 kwa mwezi. Makato ya nyuma kweli yatarejeshwa kwake VA ikishakubali kwamba kifo cha mume kinahesabiwa kuwa cha utumishi, lakini fedha hizo hulipwa mara moja na kwisha, wakati alichokiacha kingemlipa kila mwezi mpaka kaburini.

Hapo nimezungumzia waliokwishafikisha miaka 10. Kosa la pili, ambalo naliona zaidi kwa vijana wetu, ni kudhani kwamba karatasi ya asilimia 100 yenyewe ni hati ya DIC. Sivyo. DIC hulipwa kama kifo kimesababishwa au kuchangiwa na ulemavu unaotambuliwa kuwa wa utumishi. Au kama marehemu alikuwa mlemavu kamili kwa miaka 10 mfululizo kabla ya kufa, au tangu atoke jeshini kwa miaka isiyopungua mitano. Aliyewahi kuwa mateka wa vita ana muda mfupi zaidi wa mwaka mmoja, na wao ni wachache. Neno la kudumu lililoandikwa kwenye barua ya VA, lile ambalo huwafanya watu wapige vigelegele, linahusu kutoitwa tena kupimwa. Halifupishi miaka 10 hata kwa siku moja. Mtu aliyepewa asilimia 100 mwaka 2022, miaka sita baada ya kutoka jeshini, akafariki 2026 kwa saratani ambayo VA haiihusishi na utumishi wake, anamwachia mkewe DIC ya sifuri. Kama pia alikataa SBP, mke huyo anaamka mwezi unaofuata na hana hata senti moja ya SBP wala ya DIC, baada ya miaka minne ya kuishi kwa fidia ya VA.

Ni haki kusema kwamba orodha ya magonjwa yanayohesabiwa kuwa ya utumishi imepanuka sana tangu sheria ya PACT ilipotiwa sahihi tarehe 10 Agosti 2022. Waliovuta moshi wa mashimo ya taka yaliyokuwa yakichomwa Iraq na Afghanistan wana saratani kadhaa ambazo sasa hawahitaji kuthibitisha zilianzia wapi, na wazee wa Vietnam wameongezewa shinikizo la damu. Hilo linapunguza hatari. Haliiondoi, kwa sababu hakuna orodha itakayokuwa na lori lililoacha njia usiku.

Sasa niende kwenye kundi ambalo, kwa maoni yangu, linadhulumika zaidi kwa ushauri huu wa nyama choma, nalo ni wale waliotolewa kwa sababu za kiafya kabla ya miaka 20 ya utumishi. Mwaka jana nilikaa jikoni kwa rafiki mmoja huko Texas, Mkenya aliyeingia jeshini kwa ule mpango wa lugha na kutolewa kwa ajili ya mgongo. Fomu ya DD 2656, ambayo kila anayestaafu huijaza, ilikuwa mezani, kona moja imelowa chai. Alikuwa amekwisha kuweka alama kwenye kisanduku cha kukataa SBP, na kilichobaki ni sahihi ya mke mbele ya mthibitishaji rasmi. Akamsogezea kalamu. “Ni sahihi ya kawaida tu, hiyo pensheni yenyewe hata sitaiona.” Mke hakuichukua kalamu, alinigeukia mimi. “Shemeji, nikiandika jina langu hapa ninakuwa nimekubali nini hasa?”

Swali lake lilikuwa la maana kuliko yote niliyosikia siku hiyo. Mume alisema kweli kwamba pensheni hataiona. Mstaafu mwenye miaka 20 na ulemavu wa asilimia 50 au zaidi hupokea pensheni na fidia ya VA zote mbili. Utaratibu huo ulianza kwa awamu mwaka 2004 na kukamilika 2014. Aliyetolewa kwa ugonjwa akiwa na miaka minane au tisa ya utumishi hana haki hiyo kwa ujumla wake. Fidia ya VA hufuta pensheni yake dola kwa dola, na kwa kuwa fidia ni kubwa, karatasi ya malipo ya jeshi huja na sifuri. Anaitazama sifuri hiyo na kusema: hakuna pensheni, basi hakuna cha kumrithisha mtu.

Hapo ndipo anapokosea. Kima cha msingi cha SBP hakihesabiwi kutokana na kinachobaki baada ya VA kufuta. Kinahesabiwa kutokana na pensheni nzima kabla haijafutwa. Rafiki yangu, tuseme, alikuwa na wastani wa mshahara wa msingi wa dola 3,000, na ulemavu uliomtoa jeshini ulipimwa kuwa asilimia 30. Pensheni yake ni dola 900, hata kama hajawahi kuigusa. Mjane wake angelipwa asilimia 55 ya hizo 900, yaani dola 495 kwa mwezi. Na bei? Kwa waliostaafu kwa ulemavu, sheria inatoa kanuni mbadala ambayo wengi hawajaisikia: mstaafu hukatwa asilimia 2.5 tu ya sehemu ya kwanza ya kima cha msingi, mpaka kizingiti kinachopandishwa mara kwa mara na ambacho sasa kiko karibu na dola 1,000, kisha asilimia 10 ya kinachozidi, na hutozwa kanuni iliyo nafuu kati ya hiyo na ile ya asilimia 6.5. Kwa kima cha dola 900, makato ni dola 22.50 kwa mwezi.

Nilizirudia hesabu hizo nyuma ya bahasha mara mbili, kwa sababu hata mimi sikuziamini. Dola 22.50 kwa 495. Kwa kuwa alikuwa na umri wa miaka 31, kutimiza miezi 360 hakutamtosha. Sheria inataka pia afikishe miaka 70, kwa hiyo angelipa kwa miaka 39, jumla dola 10,530 kabla ya nyongeza. Mjane angezirudisha ndani ya miezi 22. Na kama atafariki mwaka wa nne, kabla DIC haijaiva, hizo 495 ndizo zitakazokuwa kitu pekee kilichosimama kati ya mke wake na msaada wa kanisa.

Kuna usumbufu mmoja wa kweli. Kwa kuwa pensheni inayolipwa ni sifuri, hakuna pa kukata, na mstaafu anapaswa ama kuruhusu makato yatolewe kwenye fidia ya VA ama kulipa mwenyewe moja kwa moja. Asipofanya lolote, deni linalimbikizwa na riba juu yake, na mjane ndiye anayekutana nalo. Tena makato yanayotoka kwenye pensheni hupunguza kipato kinachotozwa kodi, lakini yanayotoka kwenye fidia ya VA hayapunguzi chochote, kwa kuwa fidia hiyo haikuwa na kodi tangu mwanzo. Kwa dola 22 sioni kama hiyo ni hoja, ila kwa kanali mwenye makato ya dola 500 ingekuwa.

Sitaki nieleweke kwamba kila mtu aichukue SBP macho yamefumbwa. Mke aliyemzidi mumewe miaka 12, na ambaye ana pensheni yake ya ualimu, pengine ananunua kitu ambacho hatakitumia. Familia ambayo mke ndiye mgonjwa zaidi ina hesabu tofauti, ingawa makato husimama mke akitangulia au wakiachana. SBP hutozwa kodi mikononi mwa mjane, na inaweza kupunguza misaada mingine inayoangalia kipato. Mjane akiolewa tena kabla ya miaka 55, SBP husimamishwa mpaka ndoa hiyo ifikie mwisho. Kwa DIC umri ulikuwa 57, na tangu tarehe 5 Januari 2021 nao ni 55. Wenye mtoto asiyeweza kujitegemea kwa ulemavu wanaruhusiwa kuelekeza pensheni kwenye mfuko wa amana wa mtoto huyo ili asipoteze misaada mingine, na wao wanahitaji wakili kabla ya kuweka alama kisanduku chochote.

Hoja ninayoisikia zaidi dhidi ya SBP, hata hivyo, ni ya mawakala wa bima: usikatwe, nunua bima ya maisha kwa fedha hizo hizo. Kwa kijana mwenye afya, hoja hiyo ina uzito. Kwa askari mlemavu ni kejeli. Kampuni ya bima itampima, itasoma orodha ile ile ya magonjwa iliyompa asilimia 100, na itamkataa au itamtoza bei ya kumkimbiza. SBP haimpimi mtu. Anaingia mwenye moyo mbovu kwa bei ile ile ya mwenye moyo mzima, na kwa maana hiyo askari mgonjwa ndiye anayepata faida kubwa kuliko wote. Ziko bima za serikali zisizopima: ile ya VGLI, ambayo anayetoka jeshini anaweza kuichukua bila vipimo ndani ya siku 240, lakini bei yake hupanda kadiri umri unavyosonga, na VALife, iliyoanza Januari 2023, inayofika dola 40,000 baada ya kusubiri miaka miwili. Dola 40,000 zinalipia mazishi, na kusafirisha mwili mpaka Kisii au Moshi, na deni la gari. Hazimlishi mjane wa miaka 35 mpaka uzee.

Tukiacha fedha, kuna suala la karatasi, na hapa familia zetu zina udhaifu wake. Askari akiwa na mke siku anapostaafu na asijaze chochote, sheria humwandikisha moja kwa moja kwa kiwango cha juu. Akitaka pungufu au akikataa, mke lazima aridhie kwa maandishi yaliyothibitishwa. Lakini mke anayelindwa hivyo ni mke ambaye jeshi linamjua. Aliyelipa mahari, akafanya sherehe kijijini na kupiga picha, kisha asiandikishe ndoa, ana mke mbele ya wazee na hana mke mbele ya faili. Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za kimila na inataka ziandikishwe. Cheti hicho ndicho mjane atakachoulizwa. Aliye na wake wawili atambue kwamba faili la Marekani lina nafasi ya mmoja. Na aliyeoa baada ya kustaafu ana mwaka mmoja tu, kuanzia siku ya ndoa, wa kumwingiza mke huyo kwenye SBP. Mwaka ukipita, mlango umefungwa. Hata akimwingiza, lazima ndoa idumu mwaka mmoja kabla ya kifo au wawe wamezaa mtoto ndani ya ndoa hiyo. Wastaafu wanaorudi nyumbani kuoa wangepaswa kuyajua haya kabla ya kupeleka ng'ombe.

Cheti cha kifo nacho kina mambo yake. Kwa DIC isiyotegemea ile miaka ya ulemavu kamili, haitoshi kwamba marehemu alikuwa na kisukari kinachotambuliwa na VA. Mahali fulani katika maandishi ya daktari lazima kisukari hicho kionekane kuwa kilisababisha au kilichangia kifo. Mstaafu aliyerudi kuishi Nakuru akafia hospitali ya mtaani huenda akaandikiwa kwa mkato kwamba moyo ulisimama. Moyo wa kila maiti umesimama. Mjane aliyeshauriwa vyema humwomba daktari, kabla ya kibali cha mazishi, aandike na magonjwa yaliyochangia, kwa sababu kurekebisha cheti miezi minane baadaye ni safari ya ofisi hadi ofisi. Na maombi ya DIC yakifika VA ndani ya mwaka mmoja wa kifo, malipo huhesabiwa tangu mwezi wa kifo. Yakichelewa, huanza pale yalipofika. Arobaini ya msiba isipite bila kuyaandaa.

Linabaki suala la waliokwisha kukosea. Anayeanza SBP na kujuta ana dirisha moja, kati ya mwaka wa pili na wa tatu tangu pensheni ianze, la kujiondoa kwa ridhaa ya mwenzi wake, na akitoka kwa njia hiyo harudi. Aliyejiondoa kwa mlango wa ulemavu kamili anaweza kuomba kurudi ikiwa tu VA itapunguza asilimia yake, jambo ambalo hakuna anayeliombea. Kwa waliokataa tangu mwanzo, Bunge lilifungua msimu wa kuingia upya kuanzia tarehe 23 Desemba 2022 mpaka 1 Januari 2024, kwa sharti la kulipa makato yote ya nyuma pamoja na riba, kwa sababu lilijua kwamba kuondoa mmezano kumegeuza hesabu ya watu. Msimu wa namna hiyo uliotangulia ulikuwa wa 2005 na 2006. Kwa kasi hiyo, anayesubiri mwingine anasubiri kitu kisicho na tarehe.

Ndiyo maana nadhani Bunge liliacha kazi katikati. Lilipoondoa mmezano lilipaswa ama kuufunga ule mlango wa miaka 10, ama kuweka juu ya fomu yake sentensi moja kwa maandishi makubwa, ikisema kwamba tangu 2023 mjane hulipwa vyote viwili na kwamba anayetia sahihi anaacha asilimia 55 ya kima hiki, kisha kiasi hicho kiandikwe kwa dola mbele ya macho yake. Gharama yake ni wino. Maofisa wa jeshi wanaowashauri wanaostaafu hufanya kazi nzuri kwa mwenye miaka 20 anayehudhuria semina akiwa na mwenzi wake. Kwa kijana anayetolewa hospitalini, ambaye akili yake iko kwenye upasuaji na kwenye asilimia ya VA, mazungumzo ya SBP huwa dakika chache katikati ya fomu nyingine ishirini.

Kule Texas, shemeji hakutia sahihi siku ile. Alimwomba mumewe fomu nyingine isiyo na alama, akaandika 22.50 na 495 pembeni kwa penseli, kisha akamuuliza miaka 10 ya VA inaisha lini. Mume hakujua. Ilibidi tuifungue barua ya VA, tukakuta tarehe ya kuanza kwa asilimia 100 iko ukurasa wa tatu.